Kabla hajaugua, alikuwa nani?

Mtaani tulikokulia walikuwapo watu wawili wa kuogopwa. Wa kwanza alivaa makoti matatu kwa mpigo, jua kali liwake, na alitembea akibishana na mtu ambaye sisi hatukumwona. Watoto tulimfuata kwa vigae na maganda ya machungwa mpaka kona ya msikiti, kisha tukakimbia. Wa pili alikuwa fundi makenika, mtanashati, mcheshi, mwenye akili zake timamu. Huyu alishamvunja mkewe mkono. Alishamchoma mwenzake bisibisi kwa sababu ya deni la spea. Kila baada ya tukio alikuwa na maneno matamu ya kuwatuliza wazee, na kesho yake yuko gereji anapiga mluzi. Mama zetu walipotaka tuingie ndani jioni, walitutisha kwa jina la yule wa makoti. Yule wa bisibisi tulimwamkia shikamoo.

Huwa nawakumbuka wote wawili kila ninaposoma gazetini kwamba mwenye matatizo ya akili ameua. Habari yenyewe huwa ya aya nne au tano, na neno "akili" likishatajwa, msomaji anahisi amepewa maelezo yote: kwa nini fulani kashika panga? Ni kichaa. Haulizwi mtu wala jirani kabla ya ugonjwa huyo ndugu alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa akinywa nini, dawa aliziacha lini, au nani aliombwa msaada akapuuza. Ndiyo maswali ambayo watafiti wa nchi kadhaa wamekuwa wakiyauliza kwa zaidi ya miaka 30 kuhusu ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, skizofrenia, na majibu yao yanamweka fundi wa bisibisi katikati ya hadithi, hata kama hakuwahi kuugua siku moja.

Tuanze na jina, maana limewaponza wengi. Lilitungwa mwaka 1908 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Watu wakadhani ni ugonjwa wa mtu mwenye nafsi mbili, mchana mpole, usiku muuaji. Bleuler hakumaanisha hivyo. Alichokiona ni mawazo, hisia na matendo ya mtu yakiachana njia: anasikia sauti zisizo na mwenyewe, anaamini jirani anamwekea sumu, anaacha kuoga, anacheka msibani. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria wagonjwa wake kuwa kama milioni 24, yaani kama mtu mmoja katika kila watu 300. Kwa hesabu hiyo, kata yako haiwezi kukosa kadhaa.

Je, ni wakatili kuliko sisi wengine? Wapo watetezi wa wagonjwa ambao hujibu hapana haraka haraka, kwa nia njema. Jibu hilo si kweli, na mimi naona linawadhuru wagonjwa, maana siku tukio likitokea mtetezi anaonekana mwongo. Hatari ipo. Swali la maana ni hatari hiyo inatoka wapi.

Sweden ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa kila raia ana namba yake na daftari la hospitali linaweza kuwekwa kando ya daftari la mahakama. Mwaka 2009 Seena Fazel wa Oxford na wenzake wa Stockholm walichapisha hesabu ya wagonjwa 8,003 wa skizofrenia waliogunduliwa kati ya 1973 na 2006. Asilimia 13.2 walikuwa wamehukumiwa kwa kosa la ukatili angalau mara moja. Kwa raia wa kawaida ilikuwa asilimia 5.3. Mpaka hapo mtu anaweza kusema, si nilikwambia? Lakini walipowagawa wagonjwa makundi mawili, wanaotumia pombe na dawa za kulevya kupita kiasi upande mmoja na wasiotumia upande mwingine, namba zikaachana kabisa: asilimia 27.6 kwa walevi, 8.5 kwa wasio walevi. Kisha wakawalinganisha wagonjwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuugua, na tofauti ikapungua tena. Maana yake ni kwamba sehemu ya kilichodhaniwa kuwa ni cha ugonjwa kilikuwa cha nyumba ile, cha damu ile na malezi yale.

Mwaka huohuo Fazel alikusanya tafiti 20 kutoka nchi mbalimbali, zenye wagonjwa 18,423 wa skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo. Wagonjwa waliofikia kuua walikuwa kama watatu katika kila 1,000, na raia wa kawaida kama wawili katika kila 10,000. Pengo hilo ni kubwa na halifichiki. Ila katika mkusanyiko uleule, mlevi asiye na skizofrenia yoyote alikuwa na hatari ya kufanya ukatili inayokaribiana na ya mgonjwa mlevi. Gongo, chang'aa na dawa za kulevya hazihitaji ugonjwa wa akili kumsaidia mtu kumpasua mwenzake kichwa.

Pombe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hulka, na hapa ndipo wengi wetu hatujawahi kufika.

Kuna mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, aliyefanya kazi miaka mingi na wafungwa wa British Columbia. Alitengeneza orodha ya mambo 20 ya kupima kile wataalamu wanachokiita usaikopati: maneno matamu yasiyo na kitu ndani, uongo usio na kigugumizi, kutokuwa na huruma, kutojuta, kuishi kwa kuwanyonya wengine, kufanya jambo kwa pupa bila kuwaza kesho, utundu mbaya wa tangu utotoni. Kila jambo hupewa sifuri, moja au mbili, kwa hiyo alama za juu kabisa ni 40, na Amerika Kaskazini anayefika 30 huhesabiwa kuwa saikopati kamili. Ukisoma orodha ile unamwona fundi wetu wa bisibisi, mluzi na vyote. Si ugonjwa kwa maana ya malaria au kifafa. Mtu wa namna hiyo hasikii sauti, anajua anachofanya, na mara nyingi anakifanya vizuri.

Sasa, kwa muda mrefu madaktari walidhani orodha ya Hare ni ya watu wazima wa akili tu, na kwamba mgonjwa wa skizofrenia ana mantiki yake tofauti. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa MacArthur ukawatikisa. Wagonjwa 1,136 waliotoka hospitali za akili za Pittsburgh, Kansas City na Worcester walifuatiliwa kwa mwaka mzima, wakapimwa zaidi ya mambo 100: wanasikia sauti au hawasikii, walipigwa utotoni au la, wana hasira kiasi gani, wana kazi au hawana. Kilichotabiri ukatili kuliko mambo mengine yote kilikuwa alama za usaikopati. Jina la ugonjwa lilikuwa mbali chini. Kwa kweli waliokuwa na skizofrenia walikuwa na matukio machache kuliko waliolazwa kwa sonona. Na huko Pittsburgh, wagonjwa wasio na dalili za ulevi hawakuwa wakatili kuliko majirani zao wasio walevi. Hayo ya Pittsburgh yalichapishwa 1998. Miaka miwili baadaye Anders Tengström na wenzake walichapisha habari za wanaume wa Sweden wenye skizofrenia ambao tayari walishafanya makosa ya ukatili, wakataka kujua nani atarudia. Alama za usaikopati zikawa tena ndizo zinazosema.

Tukilishusha jambo hili mtaani: mchoyo akiugua malaria ni mchoyo mwenye malaria. Mtu aliyekuwa mpole, akipatwa na skizofrenia, kwa kawaida anakuwa mpole anayesikia sauti. Aliyekuwa mbabe tangu darasa la nne, aliyekuwa akinyang'anya wenzake hela za mihogo na kuwachoma paka kwa waya, akiugua atakuwa mbabe anayesikia sauti, na ukimpa dawa zikazima sauti zote, utabaki na mbabe.

Watafiti wengine wamekwenda mbele ya orodha ya Hare, wakatumia vipimo vya kawaida vya haiba wanavyopimwa hata waombaji wa kazi. Picha haikubadilika sana: wagonjwa wenye matukio ya ukatili mara nyingi ni wale wenye kuchemka upesi, wenye kushuku watu na wasiopatana na wenzao. Unaweza kuwakuta hao kwenye foleni yoyote ya benki.

Lakini kupima hulka ya mgonjwa ni kazi ngumu kuliko maandishi yanavyoonyesha. Skizofrenia yenyewe hukausha hisia. Mgonjwa anaweza kukusimulia kifo cha mama yake kwa sauti ya mtu anayesoma risiti ya umeme. Je, huyo hana huruma, au ugonjwa umemfunga uso? Na kama anameza haloperidoli, dawa ya zamani iliyo kwenye hospitali nyingi za kwetu, uso unaweza kuwa mgumu kwa sababu ya dawa, mikono ikatetemeka, mate yakachuruzika. Daktari mwenye haraka atampa alama mbili za kutojuta, na alama hizo zitamfuata mgonjwa kwenye faili maisha yake yote. Njia ya kujua ni ya kizamani: uliza dada yake, uliza mwalimu wake, uliza kabla ya miaka 15 alikuwaje. Inataka muda, na nje ya chumba cha daktari foleni imefika kwenye geti. Nakiri pia kwamba orodha ya aina hii ikiangukia mikononi mwa mtu mvivu, inakuwa muhuri mwingine wa kumgonga mgonjwa, juu ya ule wa ukichaa aliokwisha kugongwa na mtaa.

Aliyeniwekea mambo haya sawa kichwani ni Sheilagh Hodgins, mtafiti aliyefanya kazi Montreal, Stockholm na London. Yeye hasemi "wagonjwa wakatili" kama kundi moja. Anaona njia tatu. Wapo waliokuwa watundu wa kuumiza wengine tangu utotoni, ugonjwa ukawakuta wakiwa tayari kwenye njia hiyo. Wapo ambao hawakuwa na rekodi yoyote mbaya, ukatili ukaanza pamoja na ugonjwa. Na lipo kundi dogo la tatu, linalohuzunisha kuliko yote: watu walioishi na ugonjwa miaka 10 au 20 bila kumgusa mtu, kisha siku moja wanamshambulia, pengine kumuua, yuleyule aliyekuwa akiwapikia na kuwafulia. Kundi la kwanza linahitaji dawa na pia kazi ndefu juu ya hulka na ulevi. Kundi la pili linahitaji dawa mapema. La tatu linahitaji mtu wa kuitazama familia iliyochoka. Ukiwapa wote sindano ileile na ukuta uleule, umetibu theluthi ya tatizo.

Kesi maarufu kuliko zote ni ya mtu ambaye hulka yake haikuwa na doa. Daniel M'Naghten alikuwa mchongaji mbao wa Glasgow, mchapakazi, si mlevi, mwenye akiba ya kutosha. Tarehe 20 Januari 1843, London, alimpiga risasi ya mgongoni Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, inasemekana akidhani ndiye Peel mwenyewe. Drummond alikufa siku tano baadaye. M'Naghten aliamini kwamba chama cha Tory kinamwandama mchana na usiku, kinamnyima usingizi, kinataka kumuua. Linalonikera katika habari yake ni yaliyotangulia. Alikuwa amekwenda kwa baba yake kuomba ulinzi. Alikwenda kwa wakuu wa polisi wa Glasgow. Wote walijua kwamba maneno yake hayana kichwa wala miguu, na hakuna aliyemshika mkono kumpeleka kwa daktari.

Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, Malkia Victoria akachukia, Bunge la Malodi likawahoji majaji, na majibu ya majaji yakawa kanuni zinazobeba jina lake mpaka leo. Kanuni hizo zilisafiri na dola. Ziko katika kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 12 cha Kenya, sheria zilizoanza mwaka 1930 chini ya Waingereza: hatawajibika mtu ambaye, kwa ugonjwa wa akili, wakati wa tendo hakuweza kuelewa anachofanya au kujua kwamba hapaswi kukifanya. M'Naghten mwenyewe hakurudi Glasgow. Alikaa Bethlem zaidi ya miaka 20, akahamishiwa Broadmoor, akafia huko 1865.

Wa aina ya M'Naghten ndio ambao ugonjwa wenyewe ndio ulioshika bunduki. Olav Nielssen na Matthew Large, madaktari wa Australia, walipojumlisha tafiti za nchi kadhaa mwaka 2010 walikuta kwamba karibu mauaji manne kati ya kumi yanayofanywa na watu wenye magonjwa ya aina hii hutokea kabla ya matibabu ya kwanza kabisa. Kabla ya kutibiwa, ni mmoja kati ya 629 anayeua. Baada ya kutibiwa, ni mmoja kati ya 9,090 kwa mwaka. Na anayeuawa huwa ni nani? Mara nyingi ni mama, mke, kaka, mtu wa ndani. Yale mauaji ya mpita njia, ambayo ndiyo tunayoyaogopa tukiliona koti la tatu, walishayahesabu pia: hata tukio moja kwa watu milioni 14 kwa mwaka halifiki.

Huo ni mkondo mmoja wa ukatili, kutoka kwa mgonjwa. Mkondo wa pili, unaomwelekea yeye, ni mrefu zaidi na hauandikwi. Chicago, mwaka 2005, Linda Teplin na wenzake walihesabu ukatili ambao wagonjwa hufanyiwa. Zaidi ya robo ya wagonjwa wa akili waliohojiwa walikuwa wamefanyiwa kosa la ukatili katika mwaka mmoja tu, zaidi ya mara 11 ya raia wengine. Vigae vyetu vya utotoni havimo katika hesabu hiyo.

Kwetu, anayekutwa na mahakama kwamba alitenda akiwa hana akili timamu hupelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Kenya wana kitengo cha ulinzi mkali ndani ya Mathari, Nairobi. Majina hayo mawili yamegeuka matusi ya daladala na matatu: "huyu katoroka Mirembe." Kinachotisha zaidi ni muda. Sheria tulizorithi hazikuweka mwisho. Mtu alikaa mpaka mkubwa wa serikali aridhie atoke, na kwa Kenya majaji wamewahi kusema waziwazi kwamba kumweka mgonjwa ndani bila ukomo kwa ridhaa ya Rais kunakwenda kinyume na Katiba. Mwizi wa kuku anajua siku yake ya kutoka. Mpole aliyefanya tendo moja la kutisha akiwa katika giza la ugonjwa, kisha akapona, anabaki akisubiri saini. Wakati huohuo aina ya fundi wa bisibisi, akiwa na skizofrenia kidogo na pombe nyingi, anaingia na kutoka kituo cha polisi kwa sababu hajaua bado.

Zanzibar kuna funzo lingine. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Juli McGruder, alikaa huko miaka mingi na familia za wagonjwa waliotibiwa Kidongo Chekundu. Alikuta familia ambazo ziliyaita maradhi hayo mambo ya mashetani na majini, zikamnywesha mgonjwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Msomi wa mjini atacheka. Lakini aliona pia kwamba kwa kuamini hivyo, familia hazikumlaumu mgonjwa. Shetani akija amekuja, akiondoka mtu wao amerudi. Tafiti zilizoanzia London zimeonyesha mara kwa mara kwamba nyumba yenye masimango na uhasama humrudisha mgonjwa hospitali upesi kuliko nyumba tulivu. Mimi sitetei kombe badala ya sindano, na wala sitetei wanaomfunga mgonjwa minyororo kwenye mwembe wakiita ni tiba. Nasema tu kwamba mtu mwenye hulka ya kuchemka upesi, ukimweka kwenye nyumba inayomwita mzigo kila asubuhi, usishangae jioni.

Dawa zinasaidia kiasi gani? Turudi Sweden. Mwaka 2014 Fazel na wenzake walitazama watu 82,647 waliokuwa wameandikiwa dawa za magonjwa ya akili, wakamlinganisha kila mtu na nafsi yake, kipindi anachotumia dawa na kipindi alichoziacha. Katika vipindi vya dawa za kutuliza saikosisi, yaani zile za kuzima sauti na imani zisizo na msingi, makosa ya ukatili yalipungua kwa asilimia 45. Hulka ya mtu haikuwa imebadilika kati ya vipindi hivyo viwili, alikuwa yuleyule. Asilimia 45 ni nyingi, na bado si 100.

Kwa hiyo msomaji, kama nyumbani kwako yupo kijana aliyeanza kujifungia chumbani, halali, anasema anafuatwa, anaomba umlinde na watu usiowaona, usimcheke na usingoje mwezi uishe. Mpeleke kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya wiki hii. Daktari akikuuliza alikuwaje kabla hajaugua, mwambie ukweli wote, hata ule wa aibu: utundu, bangi, pombe, aliowapiga na waliompiga yeye. Akiandikiwa sindano ya mwezi, wewe ndiye utakayekumbuka tarehe.

Yule wa makoti matatu alikufa nikiwa sekondari. Mpaka anazikwa, hakuna mtu mtaani aliyewahi kusema kwamba alipigwa naye.